Folda ya Mabovu

Tik. Tik-tik. Kimya. Tik.

Mama Pengo aliisikia sauti hiyo gizani, alfajiri, kabla kope zake hazijaachana vizuri. Kilikuwa kipanya cha kompyuta. Akapapasa ukuta hadi sebuleni, akamkuta binti yake amepiga magoti kitini, uso umemulikwa na kioo, anabofya picha ya kijua cha njano ambacho hakikutaka kufunguka.

"Baba haitiki," mtoto alisema.

"Si yeye, mwanangu. Mashine ndiyo inaumwa. Leo tunaitibu."

Ndani ya kijua kile mlikuwa na hadithi ya kobe aliyepoteza kofia. Marehemu mumewe ndiye aliyeirekodi. Mtaa mzima ulimwita Spika, kwa kazi yake ya kutangaza biashara za watu kwenye gari lenye vipaza sauti. Kifua kilipomlaza, akaitengeneza hadithi ile iwe programu ndogo yenye picha ya jua, ili mtoto asiyejua kusoma abofye tu na kusikiliza. Sauti ilikuwa safi, nyororo, kama anatangaza sabuni. Pengo alilala nayo kila usiku. Nakala ya pili haikuwepo. Ugonjwa haukumpa nafasi hiyo.

Kulipokucha akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa dereva wa gari lile la matangazo. Alisimama mlangoni kama mwenye deni. Ni yeye aliyechomeka flashi yake ya nyimbo wiki iliyopita, na tangu siku hiyo kompyuta ikawa inazima kinga yake yenyewe na kutembea kama konokono.

"Shem, hiyo diski uliyoshika ni ya dawa au ya muziki?"

"Muziki wako ndio ulionifikisha hapa. Kaa chini, na mikono yako kaa nayo mbali."

"Nimekaa. Mikono nimeikalia."

Mama Pengo alicheka kidogo, bila kupenda. Diski ile alitengenezewa na mwalimu wake wa darasa la jioni, kwenye mashine isiyo na maradhi. "Mwizi akishajifungia ndani, funguo zote ni zake," mwalimu aliwaambia. "Usibishane naye mlangoni. Iamshe mashine kwa diski, yeye angali amelala, ndipo umsake chumba kwa chumba."

Mama Pengo akaiwasha mashine, akaiamuru ianzie kwenye diski. Badala ya picha ya kawaida pakatokea herufi nyeupe kwenye weusi, kisha msako ukaanza. Majina ya mafaili yakapita mbio. Kila kirusi kilipokamatwa, shemeji alinong'ona, "Toka, mshenzi."

Kisha ikaja mistari myekundu, na mmoja wapo ulikuwa wa kijua. *Imeambukizwa. Haisafishiki. Ifutwe?*

Akajaribu kuisafisha tena. Jibu likawa lile lile.

"Tuiache hiyo moja tu," shemeji alisema, na mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Moja tu, shem. Itatudhuru nini?"

"Ikibofywa, vyote vinarudi. Na Pengo ataibofya. Unajua kwamba ataibofya."

Shemeji akageukia ukutani. Mama Pengo aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa, akakirudisha. Siku ya mazishi walimtia moyo kwamba machozi hupunguza uchungu. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu huzikwa mara mbili, na mara ya pili mkono wa kuzika ni wako.

Akabonyeza.

Msako haukujua kilichotokea, ukaendelea. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga aliposikia shemeji akiruka kitini.

"Mabovu! Shem, umeona? Imepita folda inaitwa Mabovu!"

"Mabovu ya nini tena?"

"Ya kaka! Tangazo likiharibika hakuwa analifuta. Anasema, subiri, labda humo mna neno moja zuri la kuokota. Alinichosha na mabovu yake."

Mama Pengo hakuwahi kuingia kwenye mafaili ya kazi ya mumewe, moyo haukumruhusu. Sasa akasubiri msako umalizike, akatoa diski, akaiwasha mashine kama kawaida. Ikaamka nyepesi. Chini kabisa, nyuma ya matangazo ya magodoro na rangi za nyumba, folda ilikuwepo. Yalikuwa mafaili ya sauti tu, na kirusi kile, kilichopenda programu, hakikuyagusa. Akafungua la kwanza.

"Hapo kale, kobe alikuwa na kofia ya…" Kikohozi. Kirefu, cha kupasua. Pumzi ikatafutwa, ikapatikana kwa taabu. "Basi. Tunaanza upya. Hapo kale, ko…" Kikohozi tena.

Mafaili yote yalikuwa hivyo. Hakuna lililofika mwisho wa hadithi. Kumbe ile sauti ya sabuni ilipatikana kwa kupanda mlima huu wote, huku yeye, mkewe, akiwa nje ya mlango akimfunika mtoto masikio asisikie.

Alinyoosha mkono kuizima. Mkono mdogo ukamzuia. Pengo alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Akapita katikati yao, akalaza sikio juu ya spika ya kompyuta, kama alivyokuwa akililaza kifuani mwa baba yake.

"Baba alikuwa anakohoa hivi hivi," alisema.