Mshenga Mwenye Nishani

Mshenga mzuri ni mtu anayejua kutia chumvi kwa heshima. Ndiyo maana nilimkatalia rafiki yangu Godbless tangu mwanzo. Mjomba wake wa kutupeleka Tooting kumposa mchumba wake Haika alikuwa amelazwa hospitali, na badala ya kuahirisha, akamchukua jirani yake wa Croydon, Mzee Gwilym, mtu wa Wales aliyepewa nishani ya ushujaa katika vita vya Falkland.

"Wakiiona tu ile nishani, Philemon, watanyamaza," aliniambia. Alikuwa hajakutana na Shangazi Placida.

Shangazi ndiye msemaji wa ukoo wa Haika hapa London, na kwake posa ni Kiswahili tupu. Kazi ya kutafsiri nikaangushiwa mimi.

"Aanze na hiyo nishani," akaamuru. "Aliipataje?"

Mzee, sahani ya sambusa mkononi, akaeleza kwa Kiingereza kwamba alikuwa anakimbia vita. Akapotea gizani, akatokea kwa adui, akamkuta mwenzake amejeruhiwa, akambeba, akaendelea kukimbia.

"Anasema aliwavamia maadui peke yake," nikatafsiri.

"Wewe Philemon! Unadhani mimi nesi kule wodini naongea Kichaga na wagonjwa Waingereza? Tafsiri vizuri!"

Nikatafsiri vizuri.

"Haya, na kijana wenu ana tabia gani?"

Hapo mshenga mwenye akili zake angemwaga sifa. Mzee akafikiri, kisha akasema Godbless anakoroma hadi ukuta unatikisika, ugali wake mbichi, na hafui mpaka aishiwe soksi. Godbless akafumba macho. Mimi nilitamani kumkaba yule mzee, lakini nikatafsiri yote, ningefanyaje?

"Then why are you here?" Shangazi akafoka, Kiswahili chake tupu amekisahau.

Mzee akaweka sahani chini.

"Nilianguka bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani," akasema. "Nikaita sana. Huyu ndiye aliyeuvunja. Nilikuwa uchi, nimejichafua. Akaniosha, akanivalisha, akanipikia chai."

"Mzee," Godbless akanong'ona, "si uliniapisha nisimwambie mtu?"

"Nilikuapisha wewe. Mimi sikuapa."

Hata mimi, rafiki yake tangu Moshi, nilikuwa sijui. Tafsiri ikanishinda, wala hakuna aliyeidai.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haika!" akaita jikoni. "Mletee baba mkwe wako chai."