Kidole Gumba cha Dorica

Siku Evariste Mulumba alirudi Nchelenge, kando ya ziwa, na sanduku lake, Dorica alikuwa amepiga magoti mbele ya moto wa vyungu. Alimusikia kabla ya kumuona, sababu kijana alikuwa anakuja akicheka peke yake kama mutu aliyeokota kuku.

Kwao, ng'ambo ya ziwa, serikali ilikuwa imebanyanganya batu majina ya ubatizo. Ilikuwa mwaka wa pili sasa, na kule alikuwa Mulumba tu. Lakini mukono wa serikali ile haukuvuka maji, kwa hiyo Dorica alimuita Evariste asubuhi na magaribi, na alipenda kuona vile uso wake unafunguka.

Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuchoma udongo wa kizungu, mweupe kama unga, utoke visahani vidogo kama vifungo vya koti, vya kutunza umeme ndani ya radio. Vilikuwa vinapasuka motoni, kila siku. Halafu mwaka mumoja alikuja kununua samaki, akaona vyungu vya Dorica havipasuki, akaacha samaki zioze. Dorica alimufundisha mwezi muzima: saga vigae vya vyungu vilivyokwisha kuiva, zika kitu kibichi ndani ya unga wake. Moto ukifika, kibichi kinalala na ndugu yake mwenye kuuzoea, hakishtuki.

Dorica hakuzaa. Kwa bafinyanzi wa pwani ile, mwanamuke asiye na mutoto anabaki duniani kwa kinywa cha mwanafunzi wake. Ukitoa kazi yako mbele ya batu, unaanza kutaja aliyekufundisha. Usipotaja, banavunja kila kitu ulichochoma. Mwewa, jirani wa Dorica, alisahau siku moja tu, na kovu bado liko kwenye paji la uso.

Evariste alifungua sanduku. Visahani mia mbili, hata kimoja hakina ufa, na juu yake gazeti la wataalamu lenye maandiko yake. Akabaeleza Dorica na Mwewa, aliyekuwa anapepea moto: batu makumi ine na mumoja, Bajaponi, Barusi, Badachi, balipoandika kazi zao balitaja jina lake. Kuko kitabu kinene, kazi yake ni kuhesabu nani ametaja nani, na mutu mwenye kutajwa vile anapanda cheo. Kwa furaha alikaa kwenye majivu na suruali yake nyeupe.

Dorica aliuliza polepole, "Na weye, ulitaja nani?"

Alitaja batu kumi na babili, kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti. Akabasoma, bazungu wote. Mwewa aliacha kupepea moto. Dorica alingojea jina la kumi na tatu. Halikukuja.

"Mama, kule banataja mutu mwenye kuandika. Weye hukuandika kitu."

Dorica alichukua chungu, akamuonyesha chini ya mudomo wa chungu, pale kidole gumba chake kilizama udongo ungali mubichi. "Hii naandika kila siku. Nchelenge muzima inapika ndani."

"Ile si maandiko, Mama."

Dorica alikuwa na miaka makumi sita, lakini yote alikuwa anatwanga vigae. Pigo la kwanza la muchi wake lilipasua sanduku, na visahani vililia kama meno. Evariste alimukamata shingo. Akamupiga kofi, jino likaruka na damu yake hadi motoni. Mwewa alimurukia mugongoni na kumuuma sikio mupaka kipande kikabaki kinywani. Evariste akamutupa chini, akamupiga teke la tumbo. Muchi ukashuka juu ya bega lake. Visahani vya mwisho vilikuwa kumi hivi, kwenye muchanga. Evariste alivifunika na mukono wa kuume, mukono wa kalamu. Dorica aliona ule mukono. Hakuzuia muchi.

Vidole vitatu. Vilisikika kama kuni kavu.

Bavuvi balikuja mbio, balipoambiwa sababu balirudilia nyavu zao.

Dorica alitema damu. "Serikali ilikunyanganya jina moja, ukakuja kulia hapa kwangu. Sasa miye nilie kwa nani?"

Evariste alinyoosha mukono uliovunjika. Mwewa alimufunga vidole na vijiti, akimutukana ukoo wake wote, damu ya sikio ingali kwenye kidevu. Majuma matano Evariste alikaa pale, akichoma visahani vingine na kujifunza kuandika na mukono wa kushoto. Gazeti jipya lilipotoka, jina la kwanza kati ya aliobataja lilikuwa Dorica.

Mwaka uliofuata alirudi na barua na gazeti. Tangu kwenye mutumbwi alikuwa anaita, "Mama, ni miye," sababu alikuwa amejifunza kumutaja mwalimu kwanza. Mudachi mumoja alikuwa ameandika kwamba amezika visahani elfu moja kwa unga wa Mama Dorica, hata kimoja hakikupasuka, na gazeti lake mwenyewe ni hili.

"Ametutaja?" Dorica aliuliza.

Evariste alipindua kurasa na kidole chake kimoja kilichopona kimepinda, mupaka nyuma, halafu tena toka mbele. Alifunga gazeti. Bila kuambiwa alienda penye kinu, akachukua muchi, akamupatia.

Dorica aliupima mukononi. Aliuliza kama kule Udachi banafika na mutumbwi.