Mtu Mmoja kwa Kila Nyumba

…na isitoshe, kama ni damu wamepata damu, wangejua wangekuja na chupa kubwa badala ya kukamua kitone kidoleni kana kwamba wanatumbua chunusi, anawaza Niyibizi, amekaa kwenye stuli ya kaka yake, uani kwa kaka yake, kwa jina la kaka yake, dole gumba limebana pamba, na mbele yake mezani kuna kile kipimo, chembamba kama utepe, kimelazwa juu ya plastiki safi, kinainywa damu yake taratibu jinsi kuku mgonjwa anavyokunywa maji. "Tusubiri kidogo, kaka Matiasi," anasema Deodata, muuguzi wa timu ya utafiti, macho yake kwenye tableti, na Niyibizi anaitika "Hamna neno, dada" upesi kabisa, kama mtu aliyebatizwa hivyo, tena anajipongeza moyoni, kwa sababu mwingine angechelewa kuitika, mwingine angegeuka nyuma kutafuta huyo Matiasi ni nani, lakini yeye ndiye yeye, shule aliiacha darasa la sita kwa kuwa ilikuwa inamchelewesha, na hata dada alipouliza umri alisema thelathini na minane bila kumeza mate, dada akamtazama, akatazama tableti, akamtazama tena ndevu zake za kuhesabika, "Thelathini na minane?", "Sisi watu wa ndizi hatuzeeki, dada, njoo uolewe huku Kirushya utaona mwenyewe," dada akacheka, akaandika, yakaisha… ka, ka, panga linasikika migombani nyuma ya nyumba, ndiye Matiasi mwenyewe huyo, anajifanya anawakatia mbuzi majani, tangu asubuhi anakata, hao mbuzi watapasuka leo, mtu mzima, baba wa watoto, anayeweza kubeba ndama mabegani akavuka naye mto, amejificha kwenye migomba yake mwenyewe kama mwizi wa mkungu, eti anaogopa sindano… si sindano, Niyibizi anajua si sindano, asubuhi kaka alimkuta yeye anaosha pikipiki, akasimama, akakohoa, akaanza kuichunguza tairi ambayo haina tatizo lolote, "Mdogo wangu, wale watu wa damu wanakuja leo," "Na waje," "Nyumba yangu ndiyo imetajwa," "Najua, nimeona wivu," na kweli aliona wivu, kwenye mkutano wa kijiji mkubwa wa timu yao alisimama akaeleza vizuri tu kwamba wanapima jinsi virusi vya Ukimwi vilivyoenea Ngara na Biharamulo, kwamba nyumba zimechaguliwa na kompyuta isiyomjua mtu, na ikishachagua hii hawawezi kuhamia kwa jirani hata jirani apige magoti, kwa sababu kila nyumba iliyochaguliwa inasimama badala ya nyingine nyingi ambazo hawatazifikia, na Niyibizi akainuka, asingeacha kuinuka, akasema, "Sasa hiyo kompyuta imeingia kwa kaka yangu ikaniruka mimi, na milango yetu inatazamana, mmeipima macho?" watu wakacheka mpaka mwenyekiti Rwekaza akafuta machozi kwa kofia, siku ile ilikuwa yake, hata wazee waliokuwa wamesinzia waliamka wakauliza kasema nini huyu… basi Matiasi akaiacha tairi, akasema kwa sauti ya chini, "Kakae wewe. Ni kama msaragambo tu, kazi ya kijiji, nyumba inatoa mtu mmoja," na Niyibizi aliona kweli, kwani si ndivyo ilivyo, ilipochimbwa mifereji ya barabara ya kwenda Kanazi Matiasi alikuwa hoi kwa malaria, Niyibizi akaenda na jembe lake, likaitwa jina la Matiasi akaitika, mwenyekiti akaweka alama, nani aliyedhurika, mfereji hauulizi umechimbwa na mikono ya nani, na kwenye misiba ndivyo hivyo, nyumba inaleta kuni, nyumba inaleta maji, hakuna anayeuliza kuni hizi zimekatwa na mkubwa au mdogo, damu nayo ni ya baba mmoja na mama mmoja, walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa migongoni, mmoja kwa mama mmoja kwa baba, au ni Matiasi tu aliyevuka na yeye akazaliwa huku, mama alikuwa anaisimulia kila mara kwa namna yake, lakini damu ni ile ile… "Maumivu yameisha?" anauliza Deodata, "Dada, mimi niliwahi kuanguka na pikipiki na mikungu ya ndizi ikanilalia, nikainuka nikaiuza," "Haya, shujaa, endelea kubana pamba," anasema, na anarudi kwenye tableti yake, ana kidole chepesi huyu dada, angekuwa na pikipiki angekuwa dereva mzuri… na majibu hayamtishi, yeye Niyibizi alipima mwezi uliopita kule kambi ya wachangia damu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni ili wasichana waone, wakamwambia uko salama, akatembea na hilo neno kijiwe kizima cha bodaboda kama mtu aliyeshinda uchaguzi, kwa hiyo hapa ni kusubiri tu, kistari kimoja kitokee, dada aseme kaka Matiasi uko salama, Matiasi atoke migombani, jioni amkatie kijana nyama, kazi imeisha… kistari kimoja… na Clarisse atasikia. Hapo wazo linajikwaa. Shemeji yake Clarisse alitolewa damu mapema, wanawake kwanza, kabla jua halijakaza, akafunga mtoto mgongoni, akachukua jembe kwenda kwenye maharage, na alipompita Niyibizi njiani alikuwa anacheka, "Shemeji, leo kaka yako anapima," "Nimesikia, hata mbuzi wamesikia," "Basi akiwa salama usiku huu narudi chumbani kwangu, nimechoka kulala na watoto, yule wa kati ana mateke kama punda," na Niyibizi hakukawia, "Kumbe ndiyo maana kaka amekonda, nikadhani ni minyoo," Clarisse akamrushia ganda la muwa, akaenda zake, utani wa shemeji, umekuja umepita, yeye akajiona kamaliza maneno… lakini sasa yale maneno yamerudi na hayachekeshi, yanakaa pale mezani karibu na kipimo, akiwa salama narudi chumbani, akiwa salama, tangu Matiasi arudi kutoka Nyamigogo huyu mwanamke amelala na watoto, hakupiga kelele, hakwenda kwa mchungaji, hakwenda kwa wazazi wake, alihamisha mkeka tu akasema ukapime kwanza, na Matiasi kila wiki ana safari, kila wiki ana homa, hata Clarisse alipokwenda kliniki na ujauzito wa huyu wa mgongoni na wauguzi wakataka aje na mumewe alikwenda na barua ya mwenyekiti kwamba mume amesafiri, na huyo mume aliyesafiri alikuwa hapa hapa anafunga mbuzi… ka, ka… Nyamigogo, misimu miwili Matiasi alikodi shamba la mahindi kule Biharamulo, mahindi yalikubali, na mama mmoja anaitwa Esperansia naye akakubali, Niyibizi ndiye aliyempeleka kwa pikipiki na ndiye aliyemrudisha, alikuwa anamwita Esperansia "shemeji wa mahindi" na wote watatu walikuwa wanacheka, halafu mvua zilizopita akapata abiria wa kwenda kule, akapita kibandani kwa Esperansia kula maandazi ya bure, akamkuta amenawiri, shavu limejaa, anageuza maandazi kwenye mafuta, na bila hata kupunguza moto akamwambia, "Mwambie Matiasi akapime. Mimi nimeshaanza dawa, niko vizuri kama unavyoniona. Mwambie asiogope, aogope kuchelewa," kama mtu anayetuma salamu za kawaida, na Niyibizi akaliacha andazi nusu, akawasha pikipiki, akafikisha ujumbe nyuma ya banda la mbuzi, Matiasi akatazama chini, "Usimwambie mtu," na hakumwambia mtu, yeye Niyibizi, ambaye akimeza hata mbegu ya papai kijiwe kizima kinajua… kwa hiyo kaka haogopi kufa, mtu amemwona Esperansia kwa macho ya mdogo wake, ananenepa na biashara yake, haogopi kufa, anaogopa Clarisse atakavyomtazama akiweka chakula mezani, na hilo nalo ni la kuogopa, Niyibizi halikatai, lakini… lakini yeye hapa amekaa kufanya nini, anakaa kuchota neno "salama" kutoka kwenye kidole chake kizima kizuri aende kulimwaga kwenye mlango wa chumba cha kaka yake, na Clarisse, ambaye haoni mfereji, anaona mtu amepima, atafungua mlango, atachukua mkeka wake kutoka kwa watoto, atamlaza mtoto anayenyonya upande wa ukutani, na mtoto ananyonya kwake, kila kitakachomfikia mama kitatafuta njia… yewe, Niyibizi, anajiambia, umekuja kusaidia au umekuja kufungua zizi, na cha ajabu ni kwamba damu mbaya ndiyo ingekuwa afadhali, hapana, siyo afadhali, vikitokea vistari viwili wataanza kumpa Matiasi ushauri unaomhusu yeye Niyibizi, kimoja kitamdanganya Clarisse, viwili vitamdanganya Matiasi, hakuna hata kimoja kinachoweza kusema kweli hapa, kwa sababu mtu aliyekaa kwenye stuli siye, na alikuwa anajiona mjanja… na tena kama nyumba hii inasimama badala ya nyumba nyingi, si ndivyo mkubwa wao alivyosema, basi hapa amekaa kwa niaba ya nyumba nyingi, na nyuma ya kila moja kuna mtu migombani mwenye panga na Nyamigogo yake, na kama kila mmoja wao amemtuma mdogo wake aliyechangia damu mwezi uliopita, basi Ngara nzima itaonekana salama, wakubwa watasoma watafurahi, watasema dawa zipelekwe kwingine, huku hamna kitu, watu wa ndizi hawazeeki, na wale kina Clarisse wote wataamini, wengi kiasi gani hajui, hajasoma hesabu hizo, hesabu aliziacha zikiwa kwenye sehemu, lakini anaona wanavyofungua milango, mmoja baada ya mwingine, mpaka mabondeni… "Kaka Matiasi, mbona kimya? Nilishazoea redio," anasema Deodata, "Betri, dada," anajibu, utani umetoka wenyewe, mdomo unafanya kazi bila mwenyewe, na anasikia kwamba panga limenyamaza, anainua macho, katikati ya majani makavu ya mgomba kuna uso wa Matiasi, anainua kidevu kuuliza, vipi, imetoka, na Niyibizi ana nyuso za kila aina, ana wa polisi wa barabarani, ana wa wasichana, ana wa kumkopa mwenye duka, anatafuta mmoja wa kumpa kaka yake na haupati, wanatazamana tu, ndugu wawili, na anaona jinsi kaka alivyozeeka shingoni, anaona kwamba mtu huyu amelala na jambo hili tangu mvua zile peke yake kwenye kitanda kipana, hakuna aliyemshika hata bega, mdogo wake alimletea ujumbe akamwachia kama mzigo wa abiria, na labda alichokuwa anaomba asubuhi pale kwenye tairi siyo mtu wa kukaa badala yake, labda alitaka mtu wa kukaa naye akashindwa kusema, wanaume wa kwao hawaijui hiyo lugha, wanajua msaragambo… atamkasirikia, Matiasi, hata kwa mwaka mzima, nyama ya jioni imeshaota mbawa, na kijiweni akisimulia hili hakuna sehemu hata moja inayomfanya aonekane mkali, dada naye anaweza kumfukuza, anaweza kumwita mwenyekiti, ana haki, karatasi ya ridhaa alitia sahihi jina ambalo si lake, tena kwa mbwembwe, akaweka na mkia… Deodata anatazama saa yake, anakivuta kipimo karibu bila kukigeuza, "Bado kidogo tu, halafu tuzungumze," na kule migombani kidevu kimeinuka tena, vipi, na Niyibizi anaachia pamba, damu ilishakauka zamani, ameibana bure muda wote. "Dada," anasema. "Mm?" "Hicho usikisome kwanza. Mimi naitwa Niyibizi, nakaa nyumba ile ambayo kompyuta yenu iliiruka. Matiasi ni yule pale, ana panga lakini hana ubaya, niruhusu nikamshike mkono nije naye."