Sababu ya Gari Kutowaka

Tangu saa mbili asubuhi Bi Spana alikuwa chini ya gari la wagonjwa, mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa, mkono mmoja ukipapasa nyuma ya injini kule jicho lisikofika. Wenzake katika gereji ya hospitali walikuwa wamekwisha kunywa chai na kurudi. Yake ilipoa juu ya tairi bovu mpaka nzi akaingia.

"Bado unahangaika na maiti?" dereva alimwuliza, ameinama kumchungulia.

"Washa tena."

Dereva akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikafifia, starta ikagonga ka, ka, ka, kisha kimya. Ndivyo lilivyokuwa kwa wiki tatu. Mkuu wa Usafiri aliagiza betri mpya, ikafungwa, ka, ka, ka. Akaagiza starta mpya, mambo yakawa yale yale. Basi akaandika kwamba injini imekufa na gari lipigwe mnada. Kuna waganga wa namna hiyo, wakishindwa na ugonjwa huandika cheti cha kifo. Leo saa nane kamati ilikuwa inakuja kulikagua kwa mara ya mwisho.

Bi Spana hakuwa ameulizwa. Alikuwa fundi wa mkataba, miezi sita sita, mwaka wa tisa huu, na fundi wa mkataba huulizwa mwisho kama anaulizwa. Lakini gari hili ndilo lililokuwa likimpeleka dada yake, pamoja na wagonjwa wengine watano, hospitali kubwa kila Alhamisi. Dada alikuwa na kisukari na kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Alhamisi tatu zilikuwa zimepita hajaenda, na tangu juzi kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Walilala chumba kimoja, kwa hiyo Bi Spana hakuhitaji kuambiwa na mtu. Aliogopa, basi.

Akatoka uvunguni, akachukua waya mnene wa kuazimia umeme. Ncha moja akaibana kwenye hasi ya betri, ya pili akaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini.

"Washa."

Injini ikanguruma. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu. Umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi. Huu ulikuwa hauna. Ni waya wa arthi, ndio unaourudisha."

Aliukuta chini ya starta, mnene kama kidole gumba, na boliti yake imepakwa rangi ya fedha. Rangi hiyo aliikumbuka vizuri. Mwaka uliopita ilisemekana kuna mgeni mkubwa anakuja, ikatoka amri kila kilicho chini ya boneti king'ae, wakanyunyiza rangi juu ya vumbi, juu ya grisi, juu ya boliti. Mgeni hakufungua boneti hata moja. Maji ya kuoshea yakanasa chini ya rangi ile, yakaanza kuila shaba polepole. Alipoikwangua kwa bisibisi, unga wa kijani ukamwagika, na kichwa cha waya kikabaki mkononi mwake vipande viwili.

Akaenda stoo kuomba kichwa kingine.

"Namba ya gari?" mtunza stoo aliuliza, akafunua daftari. "Hili limekufa. Maiti haipewi vipuri."

"Limewaka sasa hivi, umelisikia mwenyewe."

"Huko nje limewaka. Humu kwangu limekufa."

Hakubishana naye. Nyuma ya vyoo kulikuwa na lori bovu lililoota majani, akaufungua waya wake wa arthi, bado mzima pamoja na vichwa vyake. Akafungua hasi ya betri kwanza, kama afanyavyo mtu anayependa vidole vyake, akamwagia maji moto yenye magadi palipoliwa, povu likatoka kijani. Akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Akafunga waya, akakaza mpaka spana ikagoma, akapaka grisi juu yake. Saa sita na robo dereva alizungusha ufunguo mara moja tu, gari likawaka.

Bi Spana akampigia dada yake. "Jiandae Alhamisi," akamwambia, na akajikuta anacheka peke yake.

Mkuu wa Usafiri alifika saa saba na shati lake jeupe. Aliposikia mngurumo hakufurahi.

"Zima hiyo. Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mkuu. Ilikuwa arthi tu."

"Nimeandika barua tatu kwamba injini imekufa. Nimenunua betri, nimenunua starta. Leo nikawaambie ilikuwa waya?"

"Ilikuwa waya, Mkuu."

Mkuu alitazama getini. Shemeji yake alikuwa amekwisha kuja mara mbili kupima matairi ya gari hilo kama mnunuzi, na gereji nzima ilimwona.

"Mama, funika kombe mwanaharamu apite. Fungua huo waya. Mkataba wako unaisha Ijumaa, au nimekosea?"

"Kuna wagonjwa sita. Mmoja ni dada yangu."

"Pole. Litakuja jipya."

"Lini?"

"Limo kwenye bajeti."

Bi Spana alisimama na spana yake. Hasira ilimjaa, lakini aibu ilizidi, kwa sababu alishajua atafanya nini. Mshahara wa mkataba huo ndio uliolipia chumba na dawa za dada. Akalala tena juu ya boksi, akaifungua boliti aliyoikaza kwa mkono wake.

Kamati ilifika saa tisa kasoro, watu watatu wenye njaa. Mwenyekiti mwenyewe alizungusha ufunguo. Safari hii hata ka haikusikika.

"Kweli limekufa," alisema kwa sauti ya msibani.

Kulikuwa na fomu, na katika fomu mstari wa fundi: *Sababu ya gari kutowaka*. Mkuu akamkabidhi kalamu. "Andika injini," akanong'ona, kisha akaenda kuwaonyesha wajumbe kutu ya mlango.

Bi Spana akapiga moyo konde. Akaandika kwa herufi kubwa: *Nimefungua waya wa arthi saa saba na nusu kwa amri ya Mkuu wa Usafiri. Ukirudishwa gari linawaka.* Akatia sahihi, akampa Mwenyekiti mkononi.

Mwenyekiti akaitandaza fomu juu ya boneti. Akatafuta palipo na jina lake, akasaini. Wa pili alisaini huku anaongea na simu. Wa tatu aliuliza tarehe. Mkuu akapiga muhuri, maana watatu wakishasaini kuna nini tena cha kusoma?

"Kazi nzuri, mama," Mwenyekiti alisema. "Gari la pili la kukagua liko wapi?"

Simu ya Bi Spana ikaita. Ilikuwa dada.

"Mdogo wangu, Alhamisi tunaondoka saa ngapi?"

"Gari hakuna, dada."

"Si ulisema limewaka?"

"Liliwaka."

"Sasa?"

"Sasa nimeandika ukweli, na wameupiga muhuri."



"Basi ukirudi pitia bandeji," dada alisema. "Ya leo imeshalowa."