Swali la Pasiada

Vijana wa Megara, mji mmoja wa Ugiriki ya kale, walikuwa na mchezo walioupenda kuliko kula: mmoja anauliza, mwenzake anajibu "ndiyo" au "hapana", basi. Ukiongeza neno umeshindwa, na watu wanakuzomea mpaka unakosa pa kuuficha uso. Evarko, mtoto wa mjane muuza vitunguu saumu, aliyesomeshwa kwa huruma ya mwalimu pamoja na watoto wa wenye mali, hakuwa ameshindwa hata siku moja. Sheria ile aliishika kama kiapo, maskini.

Basi Mzee Matrea, tajiri wa sufu, akamwalika kwenye karamu ya mchana amtazame vizuri kabla ya kumpa binti yake. Evarko alimpenda msichana yule mpaka usingizi ukamruka. Akaenda na Pasiada, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye alikulia nyumbani kwao na kumwona Evarko kwa macho yake akimmegea mama yake mkate wake mwenyewe.

Baada ya kula, wageni, wengi wao vijana wenzake, wakautaka mchezo. Pasiada akajitolea kuuliza.

"Samaki huishi majini?"

"Ndiyo."

"Mawe yana manyoya?"

"Hapana."

"Na je, umeacha kumlaza mama yako na njaa?"

Jamani! Evarko alimkodolea macho. Akisema ndiyo, amekiri kwamba zamani alimlaza na njaa. Akisema hapana, anamlaza na njaa hadi leo. Lakini hakuogopa sana, kwa sababu desturi yao ilikuwa muulizaji alifumbue fumbo lake mwenyewe, watu wacheke, yaishe.

"Ndiyo au hapana, ndugu yangu?" Pasiada alitabasamu.

"Hapana," akajibu Evarko, na ilikuwa kweli tupu, maana mtu ataachaje jambo asilolianza?

Wenzake wakapiga makofi. Pasiada hakufumbua kitu. Alichukua zeituni, akatafuna taratibu, akatazama pembeni.

Mzee Matrea hakuwa mtu wa michezo ile. Akaweka kikombe chini. "Hujaacha? Mama yako mzazi?"

"Mzee, sikiliza, mimi sijawahi..."

"Ameongeza neno! Kashindwa huyo!" vijana wakapiga kelele, wakizomea na kugonga meza. Walipotulia, mzee alikuwa ameshaingia ndani.

Kabla mwezi mwingine haujaandama, msichana akaposwa na Pasiada.

Evarko alimkuta sokoni akichagua joho la harusi. "Umenisingizia, Pasiada."

"Nimekusingizia nini? Mimi nimesema uongo gani? Nitajie neno moja tu. Nimeuliza swali, na wewe umejibu kweli."

"Ndiyo! Swali la kweli, jibu la kweli, na watu wote wametoka na uongo. Ulikula kwetu wewe! Jibu ulilijua!"

"Nililijua, ndiyo."

"Sasa kwa nini usimuulize mwingine? Walikuwapo wengi."

Pasiada alilikunja joho, akampa muuzaji, na kwa mara ya kwanza akakosa ujasiri wa kumtazama machoni.

"Mwingine angenitukana, akakataa kujibu," akasema. "Wewe tu ndiye niliyekuwa na hakika hutavunja sheria."