Kofia za Langoni

Mwashi alimshika mdogo wake kwapani, akamwinua kitandani. Shuka lilikuwa limelowa tena. Wiki tano zilizopita kijana huyu alipanda majukwaa ya ujenzi kama paka. Sasa aliburuta nyayo kana kwamba zimegandishwa sakafuni, na alipoulizwa huu ni mwezi gani, alitabasamu tu.

"Maji yanamjaa ndani ya ubongo," daktari alisema. "Damu ya siku ile ya ajali imeziba njia ambayo maji hayo hupitia kutoka. Tumeyapunguza mara mbili kwa sindano ya mgongoni. Akachangamka, kisha yakarudi."

"Hakuna vidonge, daktari?"

"Vidonge havitayamaliza. Anahitaji mrija, upite chini ya ngozi, uyashushe kutoka kichwani hadi tumboni. Lakini bima ya kazini imekataa. Tazama nakala ya maelezo waliyoyategemea."

Mwashi hakuhitaji kutazama. *Majeruhi alivua kofia kwa hiari yake. Shahidi: kaka yake.* Mwandiko ulikuwa wake.

Kofia ngumu zilikuwa sita kwa mafundi arobaini. Mkaguzi alipokuja, zilishushwa upesi kwa waliokuwa karibu na lango, kwa kuwa mkaguzi hakupanda ngazi. Siku ile mwashi alikuwa langoni, mdogo wake juu jukwaani.

"Nirushie hiyo kofia, bwana! Kichwa chako mwenyewe ni zege!"

Mdogo wake alicheka, akairusha. Mkaguzi alikuwa bado anakunywa chai ya msimamizi tofali lilipoanguka kutoka ghorofa ya juu na kumpiga kijana kichwani.

Msimamizi alimwita pembeni. "Andika kwamba aliivua mwenyewe. Ukiandika vingine, aliyemvua ni wewe."

Akaandika.

"Shahidi akibadili maelezo, huenda wakakubali," daktari alisema. "Ila asichelewe. Tukingoja sana, hata mrija hautamrudisha alivyokuwa."

Adhuhuri mwashi alikuwa mbele ya ofisa wa bima. Aliandika yote: kofia sita, lango, chai, zege. Ofisa alisoma polepole, akarudia mstari mmoja.

"Kumbe uliyeichukua ni wewe, ndugu yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Lakini ndivyo tulivyoagizwa."

"Agizo hilo liliandikwa wapi?"

Ofisa alifunga jalada. "Pole sana, mzee. Hili si la kazini tena. Ni la kifamilia."

Wodini, mdogo wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha uso ukamng'aa.

"Kaka! Kofia uliidaka? Simama vizuri hapo langoni, mkaguzi asikukute kichwa wazi."