Kidole cha Shahada

Sijafa. Naanza na hilo kwa sababu siku ile watu wazima wenye akili zao walilijadili mbele yangu, na mimi peke yangu ndiye niliyenyimwa nafasi ya kusema.

Walinipasua tumbo kutoa kipande cha guruneti kilichonikuta njiani mtaani Jabe. Ili tumbo lisibishane na kisu, wakanipa dawa ya kulegeza misuli yote, hata ya kupumua. Ipo dawa nyingine ya kuirudishia nguvu, ila ambargo, vile vikwazo vya nchi jirani, ilikuwa imeimaliza. Basi dawa ya usingizi ikaisha, ya kulegeza ikabaki. Nikaamka masikio tu.

"Dawa ikiisha atapumua mwenyewe," Irène, muuguzi wa usingizi, akawaambia jamaa zangu. "Mpaka hapo mukamue huu mupira, polepole, musiache." Akaitwa kwa majeruhi wengine.

Mpira huo wa kusukumia hewa ulishikana na bomba lililoshuka kooni mwangu. Akaukamata shemeji yangu Shaabani, fundi wa matairi. Mwanzoni alinijaza kama gurudumu la lori. Kisha akachoka.

"Huyu mutu ameenda," akasema. "Angalia, hata jicho apana."

Baba mdogo Ilias, ambaye kwa mazishi hana mpinzani mtaa wetu mzima wa Buyenzi, akaniinamia na kunisomea shahada sikioni. Wallahi niliogopa. Nikakusanya hasira zangu zote nimnyooshee Shaabani mkono, mpumbavu yule. Kikanyanyuka kidole kimoja tu, cha shahada.

"Allahu akbar! Amejibu!" Ilias akalia kwa furaha. "Mwisho mwema huo. Mumuache aende."

Na Shaabani, kwa adabu zake zote, akaachia.

Hewa ikakatika. Nilimwomba Mungu, nikawatukana wao, vyote kimya.

"We! Toka hapo!" Ilikuwa sauti ya mke wangu, Mwanasiti. Nikasikia mtu anasukumwa, chuma kinaanguka, halafu hewa ikaja. "Mungu akimutaka, atamukuta mi nakamua! Tajudini, usinifanyie hivi, unasikia? Usinifanyie."

Nilisikia.

Alikamua mpaka Irène akarudi. "Inua kichwa," Irène akaniambia, apime kama dawa imeisha. Nikainua, kikaanguka. "Bado." Baadaye akaniambia tena, kikakaa juu. Akachomoa bomba. Ilias akatoka kwenda kuwazuia wachimba kaburi aliokwisha kuwaagiza.

Nikapumua mwenyewe, vibaya, lakini mwenyewe. Mwanasiti alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na mpira mikononi, haujashikana na chochote, anakamua. Irène akanyoosha mkono auchukue, akamtazama usoni, akaurudisha mkono wake.